Waliokuwa Kimya Kundini

Kisomo cha watu wazima kilipofungwa na ukumbi wake kugeuzwa ghala la viti vya kukodisha, wanawake waliokuwa wakisomea humo walibaki na herufi zao kama mtu aliyepewa vifaranga jua limekwisha kuzama: anavyo mikononi, hajui avifungie wapi. Mama Mapazia ndiye aliyeiona hatari hiyo kabla ya wenzake. Watu walikuwa wamelisahau jina lake la kuzaliwa kwa sababu ya mapazia aliyoyashona, naye mwenyewe alikuwa karibu kulisahau. Alijifunza kusoma akiwa mama wa watoto wanne, na alijua kwamba herufi ni njia ya miguu: isipopitwa, nyasi huirudia.

Basi akaanzisha kundi kwenye simu, akaliita Mlangoni.

Desturi ya kundi ilikuwa moja. Kila asubuhi, mwenye zamu alisimama mlangoni pake, akatazama nje, akaandika sentensi moja ya kitu alichokiona. Haikuwa ruhusa kuleta methali, wala sala, wala picha ya maua iliyookotwa kwingine. Kitu chenyewe, kilichoonwa na macho yake mwenyewe, asubuhi ile. Mmoja aliandika, "Paka wa jirani amelala ndani ya kofia ya shemeji." Mwingine akaandika, "Mvua imenyesha upande mmoja tu wa barabara." Wenzao waliamka, wakasoma, na aliyeweza akajibu kwa sentensi yake. Sauti za kurekodi zilikatazwa kabisa. Katika hilo Mama Mapazia hakuwa na mzaha. Alisema mdomo haujawahi kuhitaji kisomo. Kinachohitaji kisomo ni jicho na kidole.

Kundi likakua kuliko alivyotarajia. Huyu alimleta dada yake, dada akamleta wifi yake, wifi akawaleta wanawake wa kisomo kingine katika mji ambao Mama Mapazia hajaukanyaga. Yeye mwenyewe alibandika tangazo kwenye ukuta wa zahanati na kwenye kibanda cha kuchajia simu. Walipopita mia mbili aliacha kuhesabu. Walioandika, hata hivyo, walikuwa wale wale thelathini hivi. Waliosalia waliingia, wakaketi kimya, wengine wakiwa namba tupu bila jina wala picha, na hakuna aliyewajali, kama mtu asivyojali viti vilivyo nyuma ya ukumbi.

Mjini mwake walikuwapo pia waliolicheka jambo hilo, na wa kwanza aliishi naye nyumba moja. Mama mkwe wake alikaa chumba cha uani. Tangu siku za kisomo alikuwa akimtania: "Mke wa mwanangu anakwenda shule. Mnunulieni soksi nyeupe, asije akachapwa." Kundi lilipoanza akasema, "Zamani watu walichungulia mlangoni wakaitwa wambea. Leo wanachungulia, wanaitwa wasomi." Bi mkubwa huyo alikuwa na simu aliyoletewa na mwanawe mkubwa, na nyumba nzima iliamini kwamba kazi ya simu ile ni tochi.

Matatizo yalianza kwa muuza mkaa. Huyu alikuwa mgeni wa herufi kuliko wote waliothubutu kuandika, na siku ya zamu yake aliandika, kwa herufi zilizopandana kama abiria, kwamba mwezi umesahau kwenda nyumbani. Ilikuwa kweli, mwezi ulikuwapo angani na jua limekwisha kutoka. Mtu mmoja aliyekuwamo kundini aliipiga picha sentensi ile akaitawanya, ikazunguka simu hadi simu ikisindikizwa na nyuso za kucheka.

Muuza mkaa alikuja mwenyewe hadi chumba cha kushonea.

"Nilikuwa kwenye foleni ya maji," akasema. "Walio mbele yangu walikuwa wanasomeana maneno yangu. Wanacheka mpaka ndoo zinawaponyoka. Hawajui kwamba mwenye maneno ndiye aliyesimama nyuma yao."

"Ukafanya nini?"

"Nikacheka nao. Ningefanya nini, mwenzangu? Lakini siandiki tena."

Alipoondoka, Mama Mapazia alimwita Bi Spea, aliyekuwa msimamizi mwenzake. Bi Spea aliuza vipuri vya magari, na katika kisomo walikalia dawati moja. Alikuwa na mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi wa kusaidia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Bi Spea baada ya kusimuliwa. "Huyo mtu yumo humu humu. Sasa ni nani?"

"Wanaoandika nawajua sauti zao. Hata wakinuna nawajua. Wale wengine ndio siwajui."

"Wale mabubu?"

"Mtu anaingia nyumbani mwa watu, mwaka mzima hajasema hata hodi. Anatafuta nini? Kimya kingi kina mshindo mkuu, Bi Spea."

"Basi tufagie. Lakini ufagio ushike wewe. Mimi nikianza kufagia huwa nafagia na wenye nyumba."

Mama Mapazia alitangaza kwanza, kwa haki. Aliandika tangazo refu lililopangika vizuri, lenye sababu, onyo na shukrani, akajivunia kila aya yake. Alisema yeyote ambaye hajawahi kuandika neno aandike sasa, la sivyo ataondolewa. Akangoja. Hakuna aliyejitokeza. Ndipo akaketi na simu siku nzima ya mapumziko, akiwaondoa mmoja mmoja, na kila alipobonyeza alihisi kundi likiwa safi kama chumba kilichohamishwa makochi.

Usafi ule haukuwa na baraka. Waliosalia walikuwa wameona jinsi ukimya unavyolipwa, na kila mmoja akaogopa kuwa anayefuata. Asubuhi iliyofuata mwenye zamu aliandika sentensi yake, na kabla haijakauka ikafunikwa: Nipo. Nipo. Mimi pia nipo. Nipo jamani. Mchana wakaandika Nipo, jioni wakaandika Nipo, na mama mmoja aliyelazwa hospitali aliandika Nipo akiwa kwenye machela, asije akaondolewa. Debe tupu haliachi kuvuma. Baada ya wiki chache hakuna aliyesimama mlangoni tena. Walikuwa wanaitika majina kama wafungwa. Mama Mapazia alifungua simu, akateremka, akateremka, akatafuta sentensi moja yenye paka au mvua ndani yake, asiione. Akaelewa kwamba kitu alichokijenga ili herufi zisife ndicho sasa kinachoziua.

Nyumbani nako palikuwa na jambo. Mama mkwe alikuwa ameacha kutania.

"Mama ana nini?" mumewe akauliza. "Nimepita na viatu vyenye tope sebuleni, hajasema kitu. Nimerudi nikapita tena makusudi. Kimya."

"Labda umri, baba watoto."

"Umri haujawahi kumfunga mdomo."

Asubuhi moja, Mama Mapazia akikata kitambaa, mkwe wake aliingia bila kubisha, akaweka simu juu ya meza, katikati ya pini na chaki.

"Umenitoa," akasema.

"Nimekutoa wapi, mama?"

"Kundini kwako."

Mama Mapazia aliinama akatazama. Juu ya kioo palikuwa na jina la kundi, na chini yake maneno yale yasiyo na huruma ambayo simu humwandikia mtu aliyeondolewa: kwamba hawezi tena kutuma wala kupokea. Mkasi ulikuwa bado mkononi mwake. Akauweka chini polepole, kama kwamba chumbani kulikuwa na mtoto aliyelala.

"Mbona sikuliona jina lako?"

"Mimi ni ile nukta."

Aliikumbuka nukta ile, iliyowekwa mahali pa jina. Aliifuta mapema kabisa, kwa sababu aliiona ya kijanja.

"Yule kijana wa kibanda cha kuchaji aliniuliza aniandike nani," mkwe akaeleza. "Nikamwambia asiandike kitu. Akasema lazima pawe na kitu. Nikamwambia basi weka kidogo kuliko vyote."

"Mama. Kwani wewe unasoma?"

"Miaka yote ile ulikuwa unasoma kwa sauti hapo mezani, wewe na wanao. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni nachambua mboga. Ulidhani masikio yangu yamekwenda likizo? Yalisikia. Macho nayo yakayafuata, taratibu. Nikawa nachukua vitabu vya wajukuu mkitoka."

"Na hukusema."

"Niseme baada ya zile soksi nyeupe? Ningeiweka wapi sura yangu?" Akavuta kiti akaketi. "Mimi sentensi moja naisoma kutwa, mke wa mwanangu. Naianza asubuhi nikiwa kitandani. Naiendea tena nikiwa jikoni. Jioni ndiyo naifika mwisho, na nikifika, namwona yule paka. Ninyi mmekwisha kuhamia kwingine. Niandike nini, na saa ngapi?"

 Mama Mapazia alikuwa akifikiria zile sentensi alizoziandika yeye, mguu mmoja ndani mmoja nje, chai ikipoa. Aliziandika kwa muda wa kufunga kifungo. Hakuwahi kuwaza kwamba nyuma ya ukuta wa chumba kile kile, mtu alikuwa akiitafuna sentensi kutwa nzima kama muwa, fundo kwa fundo, hadi utamu wa mwisho. Na kama mmoja alikuwa hapa nyumbani, wale wengine walikuwa wapi, na walikuwa wakitafuna nini siku alipowanyang'anya? Aliona haya, na chini ya haya hiyo palikuwa na kitu kingine kikubwa zaidi ambacho hakukijua jina, kilichomfanya atazame mikono yake.

"Nitakurudisha sasa hivi," akasema.

Mkwe aliinyakua simu. "Usiniguse. Nirudi peke yangu kwa kuwa ni mama mkwe? Umewatoa wangapi?"

"Wengi."

"Basi na mimi ni mmoja wa wengi. Wakirudi, nitarudi nao. Wasiporudi, nitabaki na ile niliyoishia katikati. Wala sijui yule mwashi alikuwa anafanya nini juu ya ngazi."

"Lakini mama, mmoja wao alitucheka."

"Mchekaji ana haraka. Mtu anayehangaika kutwa na mstari mmoja anapata wapi muda wa kumcheka aliyeuandika? Anamwona kama jabali." Akainuka. "Mimi nakwambia ninavyojua. Fanya unavyoona."

Simu ya Mama Mapazia ilikuwa bado inazihifadhi namba za walioondolewa. Siku ile ile aliwaandikia wote, kila mmoja peke yake: Nilikosea, nisamehe, bonyeza hapa urudi. Chini yake akaweka kiungo cha kundi. Bi Spea akachukua nusu ya namba. Hakuna aliyebonyeza. Siku zikapita, na kundini ikabaki Nipo, Nipo.

"Umewafukuza kama kuku jikoni," Bi Spea akasema kwenye simu, "leo unawaita kwa punje. Hata mimi nisingekuja."

"Sidhani kama wamenuna."

"Ila?"

"Umesahau mwalimu alitufundisha nini? Maneno ya buluu yenye mstari chini, ukiletewa na mtu usiyemjua, usiyaguse. Alitukaririsha hadi tukayaota."

Bi Spea akaguna. "Kumbe tumewatumia shetani kwa mkono wetu."

"Hawanijui mimi. Hawajui namba yangu. Walichokijua ni sentensi ya asubuhi."

Basi wakaanza upya. Alfajiri ilipokucha, Mama Mapazia alisimama mlangoni, akatazama nje, na hakuliandikia kundi. Aliwaandikia wale walioondolewa, kila mmoja peke yake, bila kiungo, bila samahani, bila sharti, akianza na ile ambayo mkwe wake aliishia katikati: "Mwashi ameketi juu ya ngazi, anagawana mkate na njiwa." Aliituma na kuituma hadi kidole kikafa ganzi. Kesho yake akaandika nyingine, na kesho kutwa nyingine. Mapazia ya zahanati yakachelewa. Bi Spea alilalamika kwamba amemtumia mteja habari za njiwa badala ya bei ya breki, na mteja ameuliza kama njiwa ni wa gari gani. Ila hakuacha kutuma.

Wiki ilikuwa inaelekea ukingoni, Mama Mapazia akipima dirisha la zahanati, simu ilipotetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka namba asiyoijua. Kundini angeufuta; lakini hapa hapakuwa kundini, na ile sheria yake haikufika huku. Akabonyeza, akaiweka simu sikioni, uzi wa kupimia ukining'inia shingoni.

Kwanza alisikia mashine ya kusaga nafaka ikiunguruma mahali fulani. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito, iliyojisafisha koo kama mtu anayeitwa mbele ya watu.

"Mwa... shi. Mwashi. A-me-ke-ti. Ameketi ju-u ya... ya nga... ngazi."

Ilisimama. Mashine iliunguruma. Mama Mapazia aligundua kwamba midomo yake inatembea pamoja na ya yule mama.

"A-na-ga-wa-na. Anagawana. M-ka-te. Na nji-wa." Halafu, kwa mara moja, bila kusita, kama maji yaliyopata mkondo: "Mwashi ameketi juu ya ngazi, anagawana mkate na njiwa." Ukafuata mguno wa kicheko, na swali: "Nimeimaliza. Sasa niambie, dada, yule mwashi aliteremka?"

Mama Mapazia aliketi juu ya benchi la wagonjwa. Muuguzi akamwuliza kama anaumwa, naye akatikisa kichwa. Alikuwa ameona njiwa mmoja asubuhi moja, na njiwa yule sasa alikuwa ameruka kutoka mlangoni kwake hadi kwenye mashine ya kusaga ya mji asioujua, akatua ndani ya kichwa cha mtu, akiwa mzima na manyoya yake yote. Alikuwa amezishika herufi kwa miaka na kuzipenda, na hakuwahi kuzistaajabia hadi saa ile. Akajibu kwa kuandika, taratibu, maneno machache kadiri alivyoweza: "Aliteremka. Njiwa alimfuata."

Jioni zilikuja sauti mbili. Kesho yake zikaja nyingi kuliko alizoweza kusikiliza akifanya kazi, akaacha kazi. Hawa hawakuweza kuandika, au hawakuthubutu. Kuandika ni mlima wa pili, na wengi walikuwa bado wanapumzika juu ya ule wa kwanza. Lakini walisoma. Mmoja alisoma mtoto akilia mgongoni. Mmoja alisoma kwa kunong'ona, na mwisho akaeleza kwamba mumewe hajui. Mmoja hakusoma sentensi za wiki ile. Alisema kuna nyingine ya zamani aliyoihifadhi, akaisoma polepole sana: mwezi umesahau kwenda nyumbani. "Nilipoimaliza nilitoka nje kutazama," akasema, "na kweli ulikuwapo. Miaka yote hii naishi chini yake, sijawahi kuuona mchana. Mwambieni aliyeandika."

Mama Mapazia alibeba simu hadi penye magunia ya mkaa, akambonyezea mwenye maneno. Muuza mkaa alisikiliza amesimama. Akaomba asikie tena. Kisha akasema, "Hebu nisubiri nikanawe mikono," na aliporudi, aliishika simu kwa mikono miwili akasikiliza mara ya tatu.

Siku iliyofuata Mama Mapazia alifuta lile tangazo refu lenye aya za kujivunia. Mahali pake akaweka jipya, fupi kadiri ya pumzi ya msomaji mgeni: "Anayeandika, aandike. Anayesoma, asome kwa sauti. Anayenyamaza, yuko kwao." Kisha akawarudisha, namba kwa namba, na kwenye kioo mstari mdogo wa kijivu ukaanza kuteremka: ameongezwa, ameongezwa, ameongezwa, ukateremka hadi hakuona mwanzo wake. Mtu mmoja aliandika Nipo kwa mazoea, na Bi Spea akamjibu, "Tunajua, mama. Pumzika." Hakuna aliyeandika Nipo tena.

Hata hivyo, nukta haikuwamo. Mkwe alikuwa ameifungia simu yake kabatini siku zote zile, na Mama Mapazia hakuwa tayari kumburuta. Alikwenda uani, akamkuta ameketi juani anakata mboga, akamwambia tu, "Mama, wamerudi."

"Wote?"

"Wawili bado sijawapata. Namba zao zimezimwa."

"Uendelee kuwatafuta," mkwe akasema, bila kuinua macho.

"Nitaendelea."

"Haya. Nirudishe."

Alasiri ile Mama Mapazia alikuwa mbele ya cherehani, dirisha likiwa wazi, na kundi limejaa sauti za watu wasiojuana wakisoma sentensi ya siku, kila mmoja kwa mwendo wake. Ilikuwa sentensi ya mwanamke wa mbali, ambaye mlango wake hakuna aliyeujua. Simu ikatulia. Ndipo alipoinua uso akamwona mkwe wake uani, amegeukia ukuta, ameishika simu karibu na mdomo kama kikombe cha chai ya moto.

"Mto," bi mkubwa akasema. Akavuta pumzi. "Mto u-me... ja-a."

Aliganda. Bega lake moja lilipanda likashuka. Mama Mapazia aliijua sentensi iliyosalia, angeweza kumtupia neno kupitia dirishani, na ulimi wake ulikwisha kuinuka. Akaurudisha. Akaondoa mguu kwenye kanyagio, akaushika kwa mkono mgurudumu wa cherehani uliokuwa bado unazunguka, hadi ukasimama, ili sauti ile ya uani isikike hadi mwisho.